Barua ya Donald Bell kwa Mama Yake

Kila simulizi ya Donald Bell niliyoisoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili inapita njia moja. Alizaliwa Harrogate, Uingereza, mwaka 1890, akawa mwalimu wa shule, akacheza beki kwa malipo katika timu ya Bradford Park Avenue, akajiunga na jeshi mwaka 1914. Tarehe 5 Julai 1916, katika mapigano ya Somme, Ufaransa, akiwa Luteni Usu, alikatiza eneo la wazi chini ya risasi na kuinyamazisha bunduki ya rashasha ya Wajerumani. Akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake. Kisha inakuja sentensi ninayoijua kabla sijaifikia: mbio za uwanjani ndizo zilizomfikisha pale. Mpira unageuka mazoezi ya vita.

Nina neno na sentensi hiyo, maana maandishi mawili ya wakati ule hayakubaliani nayo.

La kwanza ni tangazo la nishani katika gazeti rasmi la serikali, Septemba 1916. Mpira haumo kabisa. Waliomo ni watu wawili waliokimbia nyuma yake, Koplo Colwill na askari Batey. Tangazo kavu la kiserikali limewakumbuka. Simulizi tamu za baadaye mara nyingi zinawaacha, kana kwamba shujaa akiwa na wenzake anapungua.

La pili ni barua aliyomwandikia mama yake siku chache baada ya tukio. Humo anasema ilikuwa bahati tu. Alirusha bomu moja, likapata. Anataja pia Wajerumani wapatao 50 waliouawa mahandakini. Ni kweli, mchezo anaugusia: baba yake alizoea kulalamika kwamba anacheza mno na kufanya kazi kidogo, naye anasema safari hii michezo imemfaa. Wasimulizi huishika hapo. Lakini huo ni utani wa mtoto kwa baba yake. Wanauchukua wanaufanya hoja, na bahati wanaifuta.

Ukiifuta bahati, huwezi kueleza kilichofuata. Tarehe 10 Julai, huko Contalmaison, Bell alifanya jambo linalofanana sana na lile la kwanza, akauawa. Miguu ilikuwa ileile. Alikuwa ameoa mwezi mmoja tu uliopita, na nishani ilipokelewa na mjane wake, Rhoda.

Mwaka 2010 chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza kiliinunua nishani hiyo kwa zaidi ya pauni 200,000. Siwalaumu. Mpira una haki ya kumlilia mtu wake. Ninachokataa ni kudai kwamba mpira ulimwandaa kwa ajili ya kifo kile.

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alifariki akiwa askari, nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo. Niliandika kwamba tangu utotoni alikuwa mlinzi: alilinda goli la timu ya mtaa, kisha akalinda mipaka ya nchi. Waombolezaji walitikisa vichwa kwa kukubali. Baada ya maziko mama mkubwa aliniita pembeni.

“Umeandika vizuri, mwanangu. Ila mtoto wangu sijamsikia humo.”

Sikuwa na la kumjibu, maana ukweli niliujua, nilikuwepo. Kaka hakupenda kukaa golini. Tulimweka huko kwa sababu hakuwa na viatu, na uwanja wetu ulikuwa wa kokoto. Kila mechi aliomba atoke, angalau dakika kumi za mwisho, tukamkatalia.

Wasifu ule bado ninao kwenye kompyuta. Juzi, baada ya kuisoma tena barua ya Bell, niliufungua, nikaanza upya na viatu.