Tahakiki na Uhakiki: Neno na Wajibu Wake

Makala haya yanachunguza istilahi ambayo sote tunaitumia, aghalabu bila kuzingatia asili yake. Kitenzi "hakiki" kina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa "haki", "hakika" na "uhakika". Kuhakiki, basi, ni kutafuta uhakika wa jambo. Maana hii ya kimsingi ingali hai: ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa umma nchini Tanzania, uliotolewa taarifa mwaka 2017, uliitwa uhakiki, na hakuna aliyedhani kwamba vyeti hivyo vilikuwa vikisifiwa au kulaumiwa.

Katika taaluma ya fasihi, istilahi hii imekuwa na mshindani. Farouk Topan alipohariri majuzuu mawili ya makala (1971, 1977), aliyaita Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. K.W. Wamitila naye alikiita kitabu chake cha 2002 Uhakiki wa Fasihi. Maneno haya si visawe. Anayechambua karafuu hutenga karafuu na vikonyo vyake, anayehakiki huthibitisha. Uchambuzi ni hatua mojawapo ya uhakiki, wala hauwezi kushika nafasi yake.

Ikumbukwe pia kwamba Kiarabu chenyewe hakiuiti uhakiki wa fasihi tahqiq. Huuita naqd, neno linalohusiana na kupambanua sarafu njema na mbovu. Tahqiq, katika taaluma ya maandishi, ni kulinganisha miswada na kuandaa matini ya kutegemewa. Kiswahili kimezikusanya kazi hizi mbili chini ya neno moja. Hoja yetu ni kwamba tumeishika ile ya kutoa hukumu, tukaipuuza ile ya kuthibitisha matini.

Tuchukue mfano wa Al-Inkishafi. Utenzi huu wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir umetufikia kupitia miswada ya hati za Kiarabu. Kwa kawaida hati hizo hazikutofautisha bayana irabu i na e, wala u na o. Na mara nyingi herufi ya b ilisimamia mb pia. Kwa hiyo matini tunayoisoma katika toleo la Hichens (1939) au la Allen (1977) imepitia maamuzi ya mhariri. Mwanafunzi anayejenga hoja nzima ya kimtindo juu ya neno moja, bila kulinganisha matoleo, huenda akawa anamhakiki mhariri huku akidhani anamhakiki mshairi.

Tunapendekeza "uhakiki" litumiwe kwa taaluma na mchakato wake, na "tahakiki", ambalo ndilo lililohifadhi umbo la Kiarabu takriban lilivyo, litumiwe kwa andiko linalotokana na mchakato huo. Andiko lisilobainisha limetumia toleo lipi, na kwa sababu gani, liitwe maoni. Maoni yana nafasi yake katika mjadala wa fasihi. Hata hivyo, mtahini anayeyapokea kama tahakiki humnyima mwanafunzi funzo la kwanza la taaluma hii, yaani kuthibitisha kilichosemwa kabla ya kuamua kama kimesemwa vyema.