Muziki Ulioacha Kutafsiri

Kuna stori moja kuhusu muziki wa Nairobi ambayo imesimuliwa hadi imekuwa kama msahafu. Inasema hivi: mwishoni mwa miaka ya 90 kulikuwa na vijana wenye ujumbe. Walitoka Dandora, wakajiita Kalamashaka, wakaimba habari za maisha magumu ya mtaani. Kisha wakaja watu wa mdundo, Ogopa Deejays, na kapuka yao. Wakafuata Calif Records na genge, tukaanza kuimbiwa makalio ya wasichana. Ujumbe ukafa, densi ikashinda, na mpaka leo hatujapona.

Nimeisikia kwa wahakiki, kwa madijei wanaozeeka, na kwa karibu kila mtu aliyekuwa na miaka 17 mwaka wa 1997. Ina chembe ya ukweli, nitaifikia. Lakini kama uhakiki, ni stori ya uvivu. Inauliza wimbo unahusu nini, na ikishapata jibu inafunga daftari. Kwa muongo ule, tuseme 1997 hadi 2006, mimi naona swali lenye faida zaidi ni hili: huyu anayeimba, anamwambia nani?

Kumbuka mambo yalivyokuwa. Hadi 1996, redio ilikuwa KBC, basi. Mwaka huo Capital FM ikaingia hewani, na kijana wa Nairobi akapata stesheni iliyoongea jinsi alivyotamani kuongea yeye: Kiingereza chenye lafudhi ya mbali, na nyimbo za ng'ambo kutoka asubuhi hadi usiku. Muziki wa hapa ulikuwa ule wa River Road, kaseti za benga zilizochezwa kwenye baa na kwenye matatu za kwenda ushago. Ukitaka wimbo wako upite kwenye redio mpya, ilibidi ufanane na mgeni. Hardstone alilielewa hilo mapema. "Uhiki" yake, kazi ya prodyuza Tedd Josiah, ilichukua harusi ya Kikuyu ikaiweka juu ya "Sexual Healing" ya Marvin Gaye, wimbo ambao dunia nzima ilikuwa inaujua. Wengine waliuita uigaji. Mimi nausikia kama pasipoti: Kikuyu kiliruhusiwa kuingia kwa sababu kilishikwa mkono na mtu anayejulikana langoni.

Sasa chukua Kalamashaka. Jina la wimbo uliowatoa ni "Tafsiri Hii", na nashangaa jinsi tunavyolipita jina hilo bila kulisimamisha na kuliuliza maswali. Atafsiri nani? Kama unaishi Dandora huhitaji tafsiri. Unajua harufu ya jaa la taka, unajua askari anapita saa ngapi. Kiitikio kile kinamgeukia mtu asiyeishi pale, kinamtaka asikie maisha ya mtaa na ayageuze kuwa kitu anachokielewa. Ni wimbo wa shahidi aliyesimama kizimbani. Kama, Johny na Oteraw walikuwa mashahidi wazuri sana: sauti tatu tofauti, Kiswahili kilichochanganyika na Sheng bila aibu, na hasira iliyoshikwa vizuri isimwagike. Kabla yao wengi waliorapu Kenya walirapu kwa Kiingereza. Kwa hilo pekee tunawadai shukrani ambayo hatujailipa.

Ila shahidi ana shida moja. Lazima awe na mahakama ya kumsikiliza. Mahakama ya kwanza ilikuwa redio, na redio ilichoka haraka. Kalamashaka walitoa albamu ya *Ni Wakati* mwaka wa 2001, wakawa nguzo ya ukoo mzima wa wasanii uliokuja kuitwa Ukoo Flani Mau Mau, na kufikia 2004 mradi mkubwa wa watu hao, *Kilio cha Haki*, ulikuwa umefanywa kwa ushirikiano na Waholanzi. Ni albamu nzuri, naisikiliza bado. Lakini tazama njia iliyopita: tafsiri iliyoanza kwa kumlenga Mkenya wa upande ule mwingine wa jiji ikaishia kupata msikilizaji wake Ulaya. Sisemi hilo ni kosa la wasanii. Nasema kapuka haikuwaua. Walibaki wakimweleza mtu aliyekuwa ameshazima redio.

Katikati ya muongo ndipo penye wimbo unaoivuruga stori yetu ya ujumbe dhidi ya densi, na ndio sababu hasa ya mimi kuandika haya. "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilitoka 2002, nayo pia ikapikwa na Tedd Josiah. Ukiisikiliza bila kujua kilichofuata, ni wimbo wa majigambo. Vijana wawili wanajisifu kwamba hawatishiki, wanataja majina ya wakubwa wa Waluo, mdundo unapiga, kwisha. Hakuna sera ndani, hakuna mahubiri. Linganisha na "Nchi ya Kitu Kidogo" ya Eric Wainaina, ya mwaka mmoja kabla, ambayo kila mstari wake ni mkuki uliochongwa dhidi ya hongo. Kwa kipimo cha ujumbe, Wainaina anashinda asubuhi na mapema.

Lakini ni wimbo gani uliobebwa na umati uliomwondoa KANU madarakani? KANU ilikuwa imetawala tangu uhuru, Moi alikuwa amekaa miaka 24, na muungano wa NARC ulipohitaji sauti, ulikuta watu tayari wana neno. Na ni neno la ajabu, manze. Mzizi wake, bwogo, ni Dholuo, maana yake kutisha. Kiambishi cha mbele ni cha Kiingereza na cha nyuma vilevile. Mwalimu yeyote wa lugha angelipiga mstari mwekundu. Hata hivyo Mkamba aliliimba, Mkikuyu aliliimba, na wanasiasa wasiojua salamu ya Dholuo walilipigia kelele jukwaani Uhuru Park. Hawakutafsiriwa. Walilishika neno kwa mwili kwanza, maana ikaja nyuma yake inahema.

Hapo ndipo nasikia muongo ukigeuka. Wimbo wenye nguvu kubwa ya kisiasa katika kizazi chetu haukumweleza mtu chochote. Uliwapa watu kitu cha kuwa. Gidi Gidi na Maji Maji hawakuuandika kwa ajili ya kampeni. Kampeni ndiyo iliyowafuata. Ndiyo maana naona kiwango cha wimbo "wenye ujumbe" kinatupotosha. Kinadhani wimbo ni bahasha na maana ni barua iliyomo ndani.

Nikija kwa Ogopa nitakuwa mfupi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ile imezeeka vibaya. Kapuka, jina ambalo wengi walilitumia kwa dharau, ilitokana na teknolojia kuliko falsafa: kompyuta, kinanda, na mdundo mmoja unaoweza kubeba msanii yeyote anayeingia studio wiki hiyo. Bendi ya watu saba haikuhitajika tena. Gitaa likanyamaza. Nyimbo nyingi zilikuwa nzuri kwa miezi miwili, na miezi miwili ndiyo zilizoombewa.

Isipokuwa E-Sir. Issah Mmari wa South C alifariki Machi 2003 katika ajali ya barabarani, akirudi Nairobi kutoka Nakuru, hajafikisha hata miaka 22, na kifo cha mapema humfanya kila msanii kuwa malaika. Najitahidi kumsikiliza bila uturi huo. Bado anasimama. Kiswahili chake kwenye *Nimefika* kina wepesi ambao sijausikia kwa rapa mwingine wa Nairobi kabla yake. Vina vinaangukia mwishoni mwa mistari kama vile lugha yenyewe ilikuwa inavisubiri, na hageuzi sentensi kichwa chini ili apate kina. Sisi tuliofundishwa kwamba Kiswahili ni somo la insha na methali, na kwamba kuchanganya ndimi ni kupoteza alama, tulimsikia kijana anayecheza na lugha hiyo bila kuiomba ruhusa. Hata jina la albamu linajibu swali langu. Haombi kueleweka. Anatangaza kwamba yuko hapa.

Kisha genge. Clemo na Jua Cali waliianzisha Calif Records katika mtaa wa California, Eastlands, karibu na Eastleigh, na hata jina Jua Cali limefinyangwa kutokana na mtaa huo na mafundi wa jua kali. Midundo ya Clemo ina nafasi nyingi. Ngoma, besi inayorukaruka, kisha pengo la mtu kuongea. Na Jua Cali anaongea. Hana haraka, hapandishi sauti, anaburuta neno la mwisho la mstari kama mtu aliyeketi ukutani kwenye base akiwaambia wenzake yaliyotokea jana. Albamu yake *Juacali Sekta* ilitoka 2006. Isikilize baada ya "Tafsiri Hii" utasikia umbali uliotembewa. Mitaa ni jirani, shida ni zilezile: kazi ya kubahatisha, pesa haitoshi. Lakini msikilizaji amebadilika. Jua Cali anawaambia watu wa mtaa, na wewe wa upande mwingine ukipotea katikati ya mstari, shauri yako, uliza jirani. Na watoto wa mitaa ya matajiri waliuliza. Walijifunza Sheng ya Eastlands kutoka kwa genge kwa bidii ambayo hawakuwahi kuipa insha. Huo nao ni ushindi wa kisiasa, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Nilisema stori ya zamani ina chembe ya ukweli. Chembe yenyewe ni "Manyake" ya Circute na Jo-el, na nyingi zilizofuata mkondo huo. Genge lilipoacha kumweleza mgeni likaanza kuongea lenyewe kwa lenyewe, na "lenyewe" hilo lilikuwa la kiume. Msichana yumo katika nyimbo hizo kama habari, si kama mtu anayeambiwa. Anatembea, anatazamwa, anapimwa. Sina tatizo na wimbo wa tamaa. Mashairi ya Kiswahili yana tamaa tele tangu zamani. Tatizo langu ni kwamba mrembo wa mshairi wa zamani angalau aliombwa. Ukitaka kusikia tofauti, nenda kwa Necessary Noize, pale Nazizi anapochukua nafasi sawa na Wyre na kumjibu mstari kwa mstari. Hakuwa na wafuasi wa kutosha upande huo wa kipaza sauti. Gharama ya "sisi" hii imeendelea kulipwa: gengetone ilipokuja miaka kumi na kitu baadaye, ilirithi ukuta uleule na vijana walewale walioukalia.

Gharama ya pili inazungumzwa kidogo sana. Mwanzoni mwa muongo ule, redio za vijana zilicheza Kikuyu cha Hardstone, Dholuo ya Poxi Presha kwenye "Otonglo Time", na ya Gidi Gidi Maji Maji. Lugha za mama zilikuwa zimevaa viatu vipya na kuingia mjini. Kufikia mwisho wake, Sheng ilikuwa imechukua karibu nafasi yote, na lugha hizo zilikuwa zimehamia kwenye stesheni zake: Kameme kuanzia 2000, kisha Inooro, Ramogi na nyinginezo. Ni jambo jema kwa lugha hizo, sibishi. Lakini lilimaanisha kwamba kijana na mjomba wake, ndani ya nyumba moja, hawakusikiliza tena kitu kimoja, na Mluo na Mkikuyu wa rika la mjomba hawakusikilizana kabisa. Wimbo kama "Unbwogable" ulihitaji chumba kimoja ambamo wote wamo. 2002 chumba hicho kilikuwepo. Tulipoingia uchaguzi wa Desemba 2007, sina hakika kwamba kilikuwepo bado.

Mwaka uleule wa *Juacali Sekta*, mwezi wa Mei 2006, D.O. Misiani wa Shirati Jazz alifariki katika ajali ya barabarani huko Kisumu. Alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akapiga benga kwa miaka arobaini. Magazeti yalimwandika vizuri. Vijana wa genge, kwa kadiri nilivyosikia wakati ule, walikuwa na mambo mengine. Ila mzee huyo aliimba kwa Dholuo iliyojaa mafumbo ya wanyama na ya Biblia, mafumbo yaliyomtia matatani na wakubwa, na hakuwahi kusimamisha gitaa ili amfafanulie mtu. Aliyeelewa aliinua glasi. Asiyeelewa alicheza, akaomba wimbo urudiwe.