Flashi, Laptopu na Saa 48

Ukishuka matatu Gesima, utasikia muziki kabla hujaliona duka. Kijana ana laptopu, chaja zimening'inia ukutani, spika iko mlangoni. Unampa flashi, unamwambia akuwekee za Kisii, za zamani na za sasa, na baada ya dakika kumi una nyimbo mia mbili. Jina la mtunzi halipo kwenye faili nyingi. Mimi nimenunua hivyo miaka mingi, sijifanyi malaika.

Lakini binamu yangu ni mwimbaji. Alilipia studio, akalipia video. Siku moja tulipita hapo tukamsikia kwenye ile spika. Alitabasamu, kisha akanuna. Jamaa wa laptopu amemwibia ama amemtangaza?

Nikaenda kuisoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001, pamoja na marekebisho ya 2019, jinsi ninavyosoma riwaya: nani anasikika, nani hayupo? Kuna mazuri. Mtoa huduma wa intaneti halazimiki kuchungulia kila tunachotuma. Akipata ilani ya kuondoa kazi, humjulisha aliyeiweka, na bila ilani ya kupinga anapaswa kuifunga ndani ya saa 48 za kazi. Ilani ya uongo ni kosa. Kwa karatasi, mizani imekaa sawa.

Shida ni wahusika. Mtu anayeweza kutuma ilani, kukusanya ushahidi na kumlipa wakili si binamu yangu. Angalia kesi iliyoipima sheria hii: mwaka 2019 MultiChoice iliwataka Safaricom na Jamii Telecommunications wafunge tovuti 141 ilizosema zinaonyesha mechi bila ruhusa. Mambo yakafika Mahakama Kuu, na MultiChoice ikashinda mwaka 2022. Kama kampuni kubwa hivyo ilingoja miaka mitatu, msanii wa Nyamira atangoje mingapi?

Tena, kufunga si kulipa. Ukifunga kila mahali wimbo wa binamu yangu unaposikika, atabaki na haki zake zote na hana msikilizaji. Mfikirie Embarambamba, yule wa kugaagaa matopeni na kurukaruka kwenye miti. Wakenya walizituma klipu zake kutoka grupu moja ya WhatsApp hadi nyingine bila kumwomba mtu ruhusa. Kama kila aliyetuma angepigwa ilani, nani nje ya Gusii angemjua?

Hapo ndipo wenzangu wa "intaneti iwe huru" hunikera pia. Tunasema msanii anapata jina, kana kwamba jina hulipa kodi ya nyumba. Anayepata hela mara nyingi ni mwenye chaneli iliyopakia upya ile video, ama mwenye duka. Uhuru wa kusambaza ni mtamu kwa yule ambaye hakulipia studio.

Kwangu mimi, kifungu bora kimo katika marekebisho ya 2022: mapato ya nyimbo za miito ya simu, angalau asilimia 52 iende kwa msanii ama mwenye haki. Kampuni za simu zilipiga biashara, wateja walichagua walichotaka, na hakuna aliyezuiwa kusikiliza. Sheria haikulifukuza faili, ilifuata pesa. Mtindo huo ndio ningetaka uenee kwenye video zinazopakiwa upya na hadi kwenye laptopu ya Gesima: ada ndogo kwa M-Pesa, orodha ya nyimbo, jina la mtunzi libaki kwenye faili. Kufunga tuwaachie wanaokataa kulipa.

Juzi nilimuuliza yule kijana kama angekubali. Akaniambia leseni ya kaunti analipa, na hata ya nyimbo angelipa ikiwa ndogo, ila hajui ampe nani. Binamu yangu naye hajui amdai nani. Wawili hao wanaishi umbali wa boda ya shilingi hamsini.