Salama dhidi ya Nini? Uhakiki wa Neno 'Salama' katika Vivinjari vya Intaneti

Utangulizi

Mtumiaji wa simu aliyechagua Kiswahili kuwa lugha ya kivinjari chake hukutana na neno 'salama' mara nyingi kuliko anavyotambua. Akifungua tovuti isiyo na cheti cha kidijitali, huambiwa kuwa si salama. Akifungua yenye cheti na kugusa alama iliyo kando ya anwani, huambiwa kuwa muunganisho ni salama. Kauli hizi mbili huonekana kama sura mbili za jambo moja. Makala haya yanadai kuwa sivyo: ya kwanza ni onyo linalofaa, ilhali ya pili ni ahadi ambayo teknolojia yenyewe haikuitoa.

Uhakiki wa istilahi za TEHAMA katika Kiswahili umezoea kuuliza kama neno ni fasaha, kama ni la asili ya Kibantu au la kukopa, na kama limesanifiwa na chombo chenye mamlaka. Kwa maneno kama 'kivinjari' na 'tovuti' maswali hayo yanatosha. Kwa neno linalomtuliza mtu hadi akaandika nambari yake ya siri ya benki, swali la kwanza ni jingine kabisa: je, neno hilo linasema kweli?

Kinachoshuhudiwa na cheti

Cheti cha tovuti hufanya kazi mbili. Huwezesha mawasiliano kati ya simu na seva kugeuzwa fumbo, ili aliye katikati ya njia asiyasome wala kuyabadilisha. Pia hushuhudia kwamba seva inayojibu inatumiwa na yule anayeidhibiti anwani iliyofunguliwa. Katika aina yake iliyoenea zaidi, cheti hakisemi huyo ni nani, wala kama ana nia njema. Laghai anayesajili anwani inayofanana na ya benki, herufi moja tu ikiwa imebadilishwa, hupata cheti halali. Muunganisho wake ni 'salama' kwa maana ya kiufundi: nambari ya siri ya mteja husafiri hadi mikononi mwa mwizi bila mtu mwingine kuichungulia.

Hali hii haikutokea kwa uzembe. Ni mapatano yaliyofanywa kwa makusudi. Zamani cheti kilinunuliwa, na tovuti nyingi ndogo ziliishi bila ulinzi wowote. Kuanzia Desemba 2015 Let's Encrypt ilianza kutoa vyeti bure kwa umma, kwa mfumo unaojiendesha wenyewe, kila cheti kikidumu siku 90. Shule, gazeti dogo au chama cha ushirika kikaweza kulinda wasomaji wake bila kulipa ada. Ila mashine inayotoa cheti kwa dakika chache haiwezi kumchunguza mwombaji. Inathibitisha tu kwamba anaidhibiti anwani. Faida ya mapatano hayo ni kubwa kuliko hasara yake, na hakuna sababu ya kuyajutia. Kasoro ni kwamba lugha iliyowafikia watumiaji haikubadilishwa pamoja nayo.

Wahandisi wenyewe waliliona hilo. Septemba 2018 Chrome iliondoa neno la Kiingereza lenye maana ya 'salama' kwenye upau wa anwani, ikabakiza picha ya kufuli peke yake. Mwaka 2023 Google ilitangaza kuwa itaiondoa hata picha hiyo, ikieleza kwamba katika utafiti wake wa 2021 ni asilimia 11 tu ya washiriki walioelewa barabara maana ya kufuli. Neno lililoondolewa mlangoni limebaki ndani, kwenye kidirisha cha maelezo, na huko ndiko msomaji wa Kiswahili anakokutana nalo.

Anayeaminiwa anapoanguka

Nyuma ya kila cheti ipo taasisi iliyokitia saini. Kisa cha DigiNotar, kampuni ya Uholanzi, kinaonyesha uzito wa saini hiyo. Mwaka 2011 mvamizi aliingia katika mifumo yake na kujitolea vyeti vya uongo. Uchunguzi ulihesabu 531. Kimoja kilikuwa cha Google, na kilitumika dhidi ya watumiaji wa intaneti nchini Iran. Anwani za intaneti zipatazo 300,000, karibu zote za Iran, zilikutwa zimehusika. Kwa watu hao, kivinjari kilionyesha kufuli. Udanganyifu uligunduliwa kwa sababu Chrome ilikuwa imefundishwa mapema ni vyeti gani vya Google ivikubali, na mtumiaji mmoja wa Iran akauliza hadharani juu ya onyo aliloliona.

Sehemu yenye mafunzo zaidi kwa washauri wa sera ni iliyofuata. DigiNotar ilikuwa pia mtoaji wa vyeti vya huduma za serikali ya Uholanzi. Kuacha kuiamini mara moja kulimaanisha kukatiza huduma za umma. Kuendelea kuiamini kulimaanisha kuacha mlango wazi. Microsoft, kwa ombi la serikali hiyo, iliahirisha kwa muda ndani ya Uholanzi sasisho la kuifuta kampuni hiyo, huku likiendelea kutolewa kwingineko. Kabla ya Septemba kwisha, DigiNotar ilikuwa imefilisika. Katika siku hizo chache jibu la swali 'je, tovuti hii ni salama?' lilitegemea nchi aliyopo anayeuliza. Hakuna kivumishi kinachoweza kubeba jambo la namna hiyo.

Sarufi ya ahadi

Hapa ndipo uchambuzi wa kiisimu unapohitajika. 'Salama' hutaja hali. Halimdai msemaji amtaje aliyeileta hali hiyo, wala hatari iliyoepukwa. Ndiyo maana linafaa sana katika salamu na katika kumuaga msafiri: anayeambiwa 'safiri salama' haulizi dhidi ya nini. Ukubwa huo wa maana, ambao ni uzuri katika maagano, ni hatari katika kidirisha cha kivinjari. Isitoshe, nomino yake 'usalama' imebeba pia maana ya vyombo vya dola. Nchini Uganda, ambako Kiswahili kilitumika kwa muda mrefu kama lugha ya jeshi na polisi, si kila msikilizaji hulipokea neno hilo kwa utulivu.

Tatizo lingine limo katika '-aminika'. Cheti kilichokataliwa huelezwa kuwa 'hakiaminiki'. Kauli ya kutendeka humfuta mtenda kabisa. Tofauti na 'hakiaminiwi', haiachi hata nafasi ya kuuliza 'na nani?' Lakini nani ndilo swali lenyewe. Orodha ya taasisi zinazoaminiwa na simu iliyoko Kampala, Bujumbura au Goma huamuliwa na kampuni chache, zikiwemo Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Kazakhstan ilipowataka raia wake mwaka 2019 waweke cheti cha serikali katika vifaa vyao, jambo ambalo lingewezesha mawasiliano yao kusomwa, Google, Mozilla na Apple zilikizuia. Uamuzi huo uliwakinga raia. Ulionyesha pia kwamba neno la mwisho halikuwa la dola. Serikali yoyote ya ukanda huu inayopanga kuanzisha mamlaka yake ya vyeti itakutana na meza hiyo hiyo, na sarufi ya '-aminika' haimwandai mtunga sera kuiona.

Je, Kiswahili kina neno bora? 'Dhamana' huvutia, kwa kuwa kitenzi 'dhamini' hudai watu: mdhamini, anayedhaminiwa, na anayepewa dhamana hiyo. Hata hivyo mdhamini wa mahakamani huwajibika mshtakiwa akitoroka, na mtumiaji wa Iran hakuwa na mdhamini wa namna hiyo wa kumwendea. 'Dhamana' ingeahidi zaidi hata ya 'salama'. 'Amana' nalo hudokeza kitu kilichokabidhiwa ili kirudishwe, jambo ambalo halipo hapa.

Njia iliyo nyofu zaidi ni kutumia vitenzi vya kawaida pamoja na vitu vyake: 'Mawasiliano yamefichwa njiani. Anwani imethibitishwa.' Kauli ya kutendwa katika 'imethibitishwa' inaruhusu kuongezwa 'na' pamoja na jina la taasisi iliyotia saini. 'Si salama' libakie katika maonyo, kwa kuwa mtu anayeonywa hadhuriki kwa kuogopa kupita kiasi kidogo. Anayehakikishiwa hudhurika kwa kutulia kupita kiasi.

Yapo mapingamizi ya kweli. Kioo cha simu ni kidogo, na mfasiri wa programu mara nyingi hupewa orodha ya vifungu vilivyotengwa na muktadha, bila kuonyeshwa mahali vitakapotokea. Pingamizi la kwanza halina nguvu, kwani kidirisha kinachozungumziwa kina nafasi ya sentensi mbili fupi. La pili ni zito. Mabaraza ya Kiswahili na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yanaweza kuanzia hapo: kuyataka makampuni ya programu yawapatie wafasiri picha ya kila skrini pamoja na maelezo ya kile hasa ambacho mashine imekikagua, kabla ya neno lolote kupendekezwa.