Kadi ya Krismasi Iliyopitia Tumboni mwa Tembo

Wakazi wa Ilula mnaokwenda Iringa mjini msimu huu, piteni Neema Crafts kabla ya kununua kadi za kiwandani. Karakana hii ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianza mwaka 2003, mwanzilishi wake, Susie Hart, alipowafundisha vijana watatu viziwi kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Sasa wenye ulemavu wengi wanafanya kazi za aina nyingi pale, ila mimi nabaki kwenye karatasi.

Tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 za majani na magome kwa siku, na hameng'enyi hata nusu yake. Kinachotoka kimejaa nyuzi zilizokwisha kutafunwa. Katika ufundi huu kinyesi huoshwa, huchemshwa kwa saa nyingi hadi harufu iishe, kisha nyuzi husagwa pamoja na karatasi chakavu. Rojo likiwa kwenye beseni la maji, fundi huzamisha fremu yenye wavu, huiinua ikiwa imelala sawa na kuitikisa kidogo, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Utamu wa kazi uko hapo! Nyuzi zinashikamana zikielekea pande zote, tofauti na karatasi ya mashine ambayo nyuzi zake nyingi hufuata upande mmoja. Halafu karatasi hukamuliwa na kuanikwa.

Kwa mchoraji, karatasi hii ni mtihani. Isipopakwa wanga hunywa wino, na mstari mwembamba hutawanyika. Chora kwa mistari minene na rangi mbili tu. Ukichora hori la Bethlehemu, usipake rangi kwenye nyasi: nyuzi za karatasi zinazoonekana kwa macho zitakuwa nyasi zenyewe. Kabla ya kukunja, pitisha mgongo wa kijiko kwenye mkunjo, la sivyo utapasuka.

Kufungia zawadi karatasi hii haifai, ni nene mno. Chukua karatasi ya kaki, kata kiazi mviringo katikati, chonga muhuri, ukaushe kwa kitambaa, kisha paka rangi kwa sponji. Mchoraji wa Ilula asihangaike na theluji. Achonge tenga la nyanya na kitunguu chenye majani yake, vitu ambavyo ndugu aliyeko Dar es Salaam atajua vimetoka wapi kabla hajafungua zawadi.