Hao Waajemi Walizaa na Nani?

Mwisho wa Machi 2023 nilikuwa zamu ya jioni katika chumba cha habari kisicho mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja. Ikaingia taarifa kwamba jarida la Nature limechapisha utafiti wa vinasaba vya Waswahili wa kale. Nilikuwa na dakika kama ishirini. Nikapitia muhtasari mbio mbio, nikaandika kichwa: "DNA yathibitisha Waswahili ni Waajemi." Mhariri akacheka, akasema hiyo itasomwa. Kweli ilisomwa.

Kesho yake nikapita Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, kumjulia hali bibi yangu mzaa mama. Nilimkuta barazani, simu mkononi. Habari yangu ilikuwa imeshamfikia kupitia kundi la WhatsApp la ukoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hebu kaa hapa unisomee hii."

Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hao Waajemi walizaa na nani?"

Sikuwa na jibu. Na aibu yenyewe ni kwamba jibu lilikuwamo kwenye muhtasari uleule niliouruka. Tangu siku hiyo nimeirudia makala nzima mara kadhaa, siyo tena kama mwandishi mwenye haraka, bali kama msomaji wa fasihi. Maana makala ya kisayansi nayo ni matini. Ina msimulizi, ina wahusika, na ina mambo inayoyaweka mbele na inayoyaacha nyuma.

Wasimulizi wa hii ni wengi, wakiwamo Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard na mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, aliyeichimba pwani yetu kwa miaka mingi. Walisoma vinasaba vya watu 80 waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi, ndani ya bara la Kenya. Wale wa pwani ni wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na imepitia hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, na humo asilimia 80 hadi 90 inatoka kwa wanaume wa Uajemi, na kidogo India. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya 1500, damu ya Arabuni inazidi kuingia.

Unaweza kuuliza: mwaka 1000 umejulikanaje, wakati mifupa yenyewe ni ya baadaye? Hapa ndipo biolojia inapokabidhi kazi kwa kompyuta. Fikiria majora mawili ya kitambaa pale Kariakoo, moja la rangi ya baba na moja la rangi ya mama. Kila kizazi mkasi unapita, vipande vinachanganywa na kushonwa upya. Vizazi vikiwa vichache, vipande bado ni virefu. Vikiwa vingi, vipande vinakuwa vidogo vidogo. Programu inapima urefu wa vipande hivyo na kukadiria mkasi umepita mara ngapi. Zidisha kwa miaka ya kizazi kimoja, unapata karne.

Halafu kuna vinasaba visivyokatwa hivyo. Vile vya mitokondria kila mtu hupewa na mama yake. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Ukizisoma hizo mbili kando kando, ndipo unapoona Afrika ikishuka kwa mama na Uajemi kwa baba.

Lakini kompyuta haikuona pasipoti ya mtu. Ililinganisha wafu hawa na sampuli ilizonazo, za kale na za sasa, ikasema ni mchanganyiko upi ambao takwimu hazijaukataa. Ukienda duka lenye rangi nne, utaletewa ile inayokaribia. Waandishi wanalijua hilo, ndiyo maana mara nyingi wanasema asili "yenye uhusiano na" Uajemi. Mimi ndiye niliyeandika "ni". Vilevile hawakusema wamethibitisha Tarehe ya Kilwa. Walisema matokeo yanaafikiana nayo. Kati ya kuafikiana na kuthibitisha kuna umbali, na waandishi wa habari tuliuruka bila kuangalia chini.

Na mimi pia nina langu la kuwalaumu. Katika muhtasari, Tarehe ya Kilwa imeitwa kama shahidi wa upande wa baba tu. Hiyo tarehe tunayo kwa njia mbili za zamani. Kuna ya Kiarabu, ambayo Sultani Barghash alimpa John Kirk na Arthur Strong akaichapisha 1895. Na kuna muhtasari wa Kireno ndani ya kazi ya João de Barros ya 1552. Zote ni hadithi za wanaume: merikebu kutoka Shirazi, wana wa mfalme, kisiwa kinachonunuliwa kwa vitambaa vya kukizunguka chote.

Ila soma kwa Barros vizuri. Ali, mwanzilishi wa Kilwa, anatengwa na ndugu zake wa baba kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Wanamdharau, naye anaondoka. Yaani yule Mshirazi wa kwanza wa Kilwa, kwa mujibu wa hadithi yenyewe, alipanda chombo kwa ajili ya mama Mwafrika! Hadithi nzima inasimama juu ya mwanamke huyo, halafu inasonga mbele kana kwamba kazi yake imekwisha. Msomaji wa fasihi angemwona mara moja.

Tusisahau pia kwamba tarehe ya mji wa kifalme ni kazi ya ushawishi, na aliyeagiza iandikwe alitaka nasaba. Sasa angalia sampuli: nyingi zimetoka makaburi ya karibu na misikiti, ya watu wenye nafasi, na makala haifichi hilo. Kwa hiyo mifupa ya wakubwa imeitwa kuafikiana na tarehe ya wakubwa. Mvuvi yuko wapi? Mfinyanzi je? Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya wale 80 ni wa Kenya. Unguja haimo. Bagamoyo, Kunduchi na Mrima yote inayoizunguka Dar hazimo. Bibi wa Mkunguni hawezi kujisoma humo moja kwa moja, na waandishi wenyewe wanasema asili za watu wa pwani ziliendelea kubadilika baadaye.

Haya siyo mambo ya kuchezea. Neno Shirazi limebeba siasa nzito hapa kwetu. Afro-Shirazi Party ilizaliwa mwaka 1957 likiwa ndani ya jina lake. Hata Mnazi Mmoja ninapopita kila siku, wakoloni waliuacha uwanja huu wazi ili kuutenga mji wa Wazungu na Wahindi na Kariakoo ya Waafrika. Na wageni walishasema sana kwamba magofu ya pwani hayakujengwa na Waafrika. Kichwa changu cha habari kiliwapa hoja bila wao kuomba.

Ndiyo maana sehemu ninayoipenda zaidi ni pale makala inapojiuliza hao wanawake walikuwa nani. Inaacha mlango wazi kwamba familia zao zilikuwa na nguvu na mali, na kwamba wageni ndio waliotafuta kuingia humo. Ushahidi mmoja hauhitaji maabara: watoto wa baba Mwajemi walikua wakisema Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama.

Ningependa mjadala huu uendelezwe na hapa nyumbani. Mtandao wa H3ABioNet, ulioanza 2012 ukiongozwa kutoka Cape Town, ulikuwa na kituo pale Muhimbili, mwendo mfupi kutoka Mnazi Mmoja. Wanaojua kuhesabu wapo. Wakae na wanaojua kusoma tarehe na tenzi, siyo mwishoni wakati wa kupamba, bali wakati wa kuchagua maswali.

Makala isomwe, tena yote. Ni kazi ya heshima, na kasoro zake zinafundisha.

Juzi nilimrudia bibi, nikamsomea ile sehemu ya akina mama. Akafurahi. Nikamwomba anitajie wa kwake. Upande wa baba alifika wa saba bila kupumua. Upande wa mama alitaja mama yake, mama wa mama yake, mama wa huyo. Kwa wa nne akakwama, akaangalia barabarani muda mrefu, akaniambia nimpe siku mbili tatu akaulize.