Sikukuu ya Nyumbani Ugenini

Mtu aishiye ng'ambo huwakumbuka watu wa kwao kila siku, lakini siku ya sikukuu huwakumbuka zaidi. Ifikapo Idi au Siku ya Mwaka, huuona mji mzima wa ugenini ukienda kazini kana kwamba hapana jambo. Ndipo atafutanapo na wenziwe, wakakodi ukumbi, wakapika pilau, wakavaa kanzu na kanga, wakapiga taarabu mpaka usiku. Katika makala haya tumekusudia kuzipima sherehe za namna hiyo. Kipimo chetu si utamu wa chakula, bali ni swali hili: je, zinauendeleza utamaduni, au zinauonyesha tu?

Juu ya jambo hili husikika rai mbili. Wa kwanza husema kuwa sikukuu ikiondolewa katika ardhi yake hufa, na kinachobaki ni kiigizo. Wa pili husema kuwa mradi watu wamekutana na nguo za kwao zimevaliwa, utamaduni umehifadhiwa. Sisi tunaona kuwa rai zote mbili zina upungufu, na ushahidi wetu ni sikukuu tuliyo nayo hapa hapa kwetu.

Tuiangalie Siku ya Mwaka, ambayo huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, huitwa Mwaka Kogwa. Jina lake jingine ni Nairuzi, neno lililotoka katika Kiajemi, lenye maana ya siku mpya. Basi hesabu ya mwaka huu nayo ilivuka bahari. Huko Iran siku hiyo husherehekewa mwezi wa Machi. Kwetu, kwa kuwa mwaka wake una siku 365 bila ya kuongezwa siku moja kila miaka minne, sikukuu hurudi nyuma kidogo kidogo katika kalenda ya kawaida: katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti, na siku hizi huangukia Julai. Wakulima na mabaharia wa pwani walihesabu miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, wakajua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri. Hivyo kitu kilichotoka mbali kilipata kazi hapa, na kwa kupata kazi kikapata kwao.

Tena tutazame namna sherehe yenyewe inavyofanywa. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa magogo ya migomba, ili ugomvi wa mwaka uliopita umalizwe hapo. Kibanda cha makuti huchomwa moto, naye aliyeingia ndani hutoka mbio. Wanawake huimba. Neno kogwa lenyewe latokana na kukoga, kwani zamani watu walikwenda baharini kujitakasa na uchafu wa mwaka uliokwisha. Na kila nyumba hutaka kupata mgeni, kwa maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika yote hayo hapana aliye mtazamaji tu: kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ana sehemu yake.

Hapa ndipo tunapoiona kasoro ya sherehe nyingi za ugenini. Kosa lao si kuhamisha sikukuu mpaka Jumamosi kwa sababu watu wako kazini; Nairuzi imehama toka mwezi hata mwezi, wala haikufa. Wala kosa si kukosa migomba au kukatazwa kuwasha moto ukumbini. Kosa ni kugawa watu mafungu mawili: wachache jukwaani, wengi vitini. Chakula hununuliwa kimekwisha pikwa, ngoma huchezwa na kikundi kilichoalikwa, na mtoto aliyezaliwa huko hupewa sahani, akaketi. Mwishowe huyo mtoto hujua sura ya sikukuu ya wazazi wake, lakini hajui kazi yake. Atakapokuwa mkubwa, hatakuwa na la kuwarithisha wanawe ila picha.

Hatusemi kuwa mambo ni rahisi. Anayefanya kazi ya zamu katika mji wa baridi hana nafasi ya siku nne za sherehe. Lakini hata katika saa chache, mtoto aweza kukuna nazi, kuimba na bibi yake kwa Kiswahili, na kupeleka sahani kwa jirani asiyejua pilau ni nini. Wawili waliokosana mwaka huo waweza kupatanishwa mbele ya wenzao kabla ya kula. Kwa mambo hayo sikukuu itakuwa imefanya huko kazi ile ile iifanyayo Makunduchi. Na jirani aliyealikwa leo huenda kesho akauliza siku hiyo ni lini tena.

Mwalimu Nyerere alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi wa Desemba, 1962, alieleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa, lakini alionya pia dhidi ya kukataa kujifunza kutoka kwa wengine. Mawazo hayo mawili hayapingani. Roho hukaa katika mwili unaofanya kazi, popote ulipo.

Kwa hiyo wanafunzi wasidhani kuwa tunawahukumu ndugu zetu wa ng'ambo peke yao. Ugenini si lazima uvuke bahari. Mtu wa Ukerewe aishiye Dar es Salaam naye yumo ugenini, na hata kijijini sikukuu yaweza kugeuzwa maonyesho ya watalii. Kila tuhudhuriapo sherehe yoyote ya jadi, yafaa tujiulize: sisi hapa tuna kazi gani? Tukiwa hatuna, basi sisi ndio wageni, ingawa tuko kwetu.